Kuvikwa na Kuvaa

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapita vilele vya miembe, huzuka ugomvi katika nyumba yetu ndogo iliyo pembezoni mwa mji wa Jinja. Wagomvi ni wawili. Mmoja ni mwalimu wa Kiswahili aliyekwisha kuvaa na kunywa chai, naye anajua kwamba kengele ya shule haimngoji mtu. Wa pili ni binti yake, mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne, aliyeketi sakafuni huku kichwa chake kimenasa katika mkono wa gauni, mahali pasipokuwa pa kichwa. Mwalimu anyooshapo mkono ili amsaidie, hutoka sauti ndani ya kitambaa, sauti iliyofifia lakini yenye amri: "Mwenyewe!" Bibi yake anapokuwapo, neno hilo hugeuzwa Kiganda, "Nzekka!", maana mtoto huyu amekwisha kutambua ni nani asemeshwaye kwa lugha gani. Kwa lugha zote mbili maana ni moja: ondoa mkono wako.

Sisi tuandikao makala haya ndio mwalimu huyo. Yafaa tukiri tangu mwanzo kwamba katika ugomvi huo mara nyingi tumeshinda, kwa kuwa tuna nguvu zaidi na mikono mirefu zaidi; na kwamba ushindi huo haujatupa raha. Katika kukosa raha huko limezaliwa swali ambalo tungependa kulileta mbele ya ndugu zetu walimu na wanafunzi wa lugha hii. Mtu anapomtendea mwenzake jambo ambalo mwenzake angeweza kulitenda kwa mkono wake, je, amemfanyia wema, au amemnyang'anya kitu? Na kama amemnyang'anya, kitu hicho ni nini?

Lugha yetu ina njia yake ya kulieleza jambo hili, nasi tunaoifundisha kila siku huenda tumeizoea mno hata hatuioni. Mzazi wa mtoto mchanga huishi katika kauli ya kutendesha. Zitazameni kazi za siku moja katika nyumba yenye mtoto wa miezi sita: mtoto hunyonyeshwa, hunyweshwa, huogeshwa, huvikwa, hukalishwa, huchezeshwa, hunyamazishwa, hulazwa. Matendo yenyewe ni ya mtoto, kwani ndiye anywaye na ndiye alalaye. Lakini mwanzo wa kila tendo umo mikononi mwa mtu mwingine. Hata kitenzi cha kuvika, ambacho hakina ile sauti ya "sh" tuliyoizoea, hufanya kazi ile ile. Wala jambo hili si la Kiswahili peke yake. Sisi tuliozaliwa katika Kiganda husema okulya kwa kula na okuliisa kwa kulisha, okunywa kwa kunywa na okunywesa kwa kunywesha. Yaonekana wahenga wa lugha hizi ndugu waliona mapema kwamba kati ya mwenye kula na mwenye kulisha pana kipande kidogo tu cha neno, na kwamba kipande hicho ni mzazi.

Basi kukua kwa mtoto, ukikutazama kwa jicho la mwalimu wa sarufi, ni kukiangusha kipande hicho, kitenzi kimoja baada ya kingine. Alikuwa akikalishwa, siku moja akaketi. Alikuwa akisimamishwa kando ya kiti. Siku moja akasimama dede, miguu imetanuka, macho yamejaa mshangao, akaanguka kwa makalio, akasimama tena. Kisha akaenda tata kutoka kiti hadi mlango, na kutoka mlango hadi kwa kuku wa jirani. Alianguka mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu, wala hatukumwona hata mara moja akiona haya kwa sababu ya kuanguka. Haya ya kuanguka ni jambo ambalo mwanadamu hulipata baadaye, na aghalabu hupewa na wale wampendao.

Wazazi huzihesabu hatua hizi kama wafanyabiashara wahesabuvyo fedha, tena huhesabu huku wakichungulia za jirani. Mtoto wa jirani yetu alitembea akiwa na miezi 9. Wetu alifikisha miezi 14. Katika miezi hiyo mitano tulimshika mikono na kumtembeza uani kila jioni, tukidai kwamba twamsaidia, kumbe tulikuwa tukiisaidia fahari yetu. Baadaye tulisoma habari za uchunguzi ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza mwaka 2006, ambamo watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walifuatwa hatua kwa hatua hadi walipoweza kutembea. Ilionekana kwamba karibu wote hutembea bila kushikwa wakati fulani kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Na kwamba watoto kama 4 katika kila 100 hawakupata kutambaa kwa mikono na magoti, lakini walitembea kama wenzao. Kwa hiyo mtoto wetu hakuwa amechelewa popote. Waliokuwa na haraka ni sisi.

Sasa siku yake imejaa kazi. Aamkapo, huvikusanya vifuniko vya masufuria na kuvipanga kwa ukubwa, akakosea katikati, akaanza upya. Mama yake achaguapo maharage, naye huketi kando ya ungo akaokota vijiwe kwa vidole viwili, ijapokuwa mara nyingine hulitupa harage na kukiweka kijiwe. Hufagia uani kwa fagio lililo refu kuliko yeye, na takataka zilizokuwa mahali pamoja hutawanyika mahali pote. Twendapo bombani, anacho kidumu chake cha lita moja. Hukibeba kwa mikono miwili, tumbo mbele, kama mchukuzi wa magunia, na afikapo nyumbani maji yaliyosalia hayatoshi kunawia uso. Mtu mwenye haraka angesema kwamba hakuna hata moja ya kazi hizi iliyofanyika. Ukipima kwa wingi wa maharage na maji, asemalo ni kweli. Lakini ukimtazama mtoto usoni amiminapo mabaki yale ndani ya pipa, utaona kwamba yeye hana shaka yoyote: ameteka maji.

Katika kusema pia ni hivyo hivyo. Mama yake, aliyekulia Mombasa, humsemesha Kiswahili, nasi tumefuata desturi hiyo. Juzi, alipokuwa akipigwa mswaki (kazi hiyo bado ni yetu), alitema povu akasema, "Majino yangu." Mwalimu aliye ndani yetu aliamka papo hapo ili aseme "meno". Kisha tukanyamaza. Ni nani katika nyumba yetu aliyepata kusema "majino"? Twajua kwamba neno hilo lipo kwa kukuza, lakini meno ya mtoto huyu ni madogo kama punje za mchele, na hakuna aliyemkuzia. Amelitunga. Amesikia jani na majani, jina na majina, akatoa kanuni pasipo kuambiwa, kisha akaitumia mahali ambapo lugha, kwa sababu za kale zisizomhusu, haikuitumia. Wiki hiyo hiyo alikataa ugali kwa kusema "Sikuli," badala ya "Sili". Na neno hilo nalo lilikuwa limejengwa kwa matofali halali. Asemaye "meno" huenda ameiga tu. Asemaye "majino" amefikiri. Sisi tunaosahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu tumewahi kufikiri mara ngapi kwamba chini ya wino wetu huenda pamelala jambo la akili kuliko jibu tulilolitaka?

Sasa na tulieleze tukio lililotufanya tushike kalamu.

Katika majira ya mvua yaliyopita, mama yetu mzazi, ambaye mtoto humwita Jaja, alikuja kukaa nasi baada ya kuugua. Tangu ugonjwa huo mikono yake hutetemeka kidogo. Jumamosi moja asubuhi walifika wazee wawili wa mtaa kumjulia hali, wakaketi naye barazani. Mama alikuwa amevaa gomesi yake nzuri, kwa heshima ya wageni. Jikoni uji ulikuwa umekwisha kupoa hata ukawa vuguvugu. Mtoto akamwomba mama yake ampe yeye bakuli alipeleke, naye akapewa bakuli la bati lililojaa nusu.

Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua kama kumi na mbili za mtu mzima. Kwa mtoto ni safari. Alikuja taratibu, macho juu ya uji, midomo ameibana. Wageni waliacha mazungumzo yao wakamtazama. Alipobakiza hatua mbili, bakuli liliinama upande mmoja. Sisi tuliruka kutoka kitini ili tulikamate. Mkono wetu ukaupiga mkono wake. Bakuli likapinduka, na uji wote ukaenda juu ya gomesi na juu ya mkeka.

Mtoto hakulia papo hapo. Aliutazama mkono wetu. Nasi, ndugu wasomaji, tulifanya jambo ambalo hadi leo linatuwia gumu kuliandika. Tuliwageukia wageni tukasema upesi, "Mtuwie radhi, mtoto huyu hasikii. Amemwaga." Hapo ndipo alipolia.

Mama aliipangusa gomesi yake kwa kiganja. Hakutukemea mbele ya watu. Alisema tu, kwa Kiganda, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Alikuwa ananiletea mimi."

Siku zilizofuata ugomvi wa asubuhi ulikoma. Mtoto aliketi sakafuni, akanyoosha mguu ili avikwe kiatu, akainua mikono ili avikwe gauni. Alipopewa kidumu alikiweka chini akasema, "Baba fanya." Aliacha ungo, akaacha vifuniko. Wiki ile tulifika shuleni mapema kila siku, na hatujapata kuwa na asubuhi nzito kama zile.

Hatusemi kwamba mtoto aachiwe kila alitakalo. Methali yetu husema, mtoto akililia wembe mpe; lakini hatujapata kumwona mzazi hata mmoja akimpa mtoto wa miaka miwili wembe, wala hatudhani kwamba wahenga wenyewe walifanya hivyo. Methali hiyo huambiwa mtu mkaidi, aliyekwisha kuonywa akakataa. Ndani ya uzio wetu limo jiko la makaa, na nje ya uzio ipo barabara ya pikipiki. Katika mambo hayo mkono wetu ni mwepesi, nasi hatuuombei radhi. Yapo basi madhara ya namna mbili: yafutikayo kwa kitambaa na yasiyofutika. Mlezi asiyezitofautisha namna hizi mbili atamharibu mtoto kwa njia moja au nyingine. Ama atamwacha aungue, ama atamfunga kamba ili asichafuke.

Uji ule ulikuwa vuguvugu, na bakuli lilikuwa la bati. Ni nini basi kilichokuwa hatarini hata turuke? Tulipojihoji kwa haki tuliona kwamba hatukuwa tukimlinda mtoto. Tulikuwa tukilinda mkeka, na gomesi, na sifa yetu mbele ya wazee wa mtaa. Vivyo hivyo kila asubuhi tumvikapo kwa nguvu hatumlindi na chochote, tunailinda saa. Wala haja zetu hizo si haramu. Mwalimu akichelewa, darasa zima hukaa bure, na wanafunzi hao pia ni watoto wa watu. Ubaya ulikuwa katika kuiita haja yetu msaada kwake. Ni heri kusema, "Leo Baba ana haraka, nitakuvika mimi," kuliko kusema, "Wewe huwezi." Neno la kwanza ni la kweli, na mtoto hulielewa hata kama atalilia. La pili ni hukumu, naye kwa kuwa anatuamini katika mambo yote huenda akaliamini na hilo.

Wenye hekima wa nyakati na nchi mbalimbali wameligusa swali hili. Aristotle, katika Uyunani ya kale, alifundisha kwamba yale ambayo mtu hana budi kujifunza kabla ya kuyatenda, hujifunza kwa kuyatenda: mjenzi kwa kujenga, mwenye haki kwa kutenda haki. Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, miongoni mwa watu maskini. Na miongoni mwa vifaa vyake vya kufundishia zimo fremu zenye vipande viwili vya kitambaa vilivyotiwa vifungo au kamba, ili mtoto afunge na kufungua kwa vidole vyake mpaka aweze kujivika. Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, alionyesha kwamba lile ambalo mtoto aliweza leo kwa kushikwa mkono na anayejua zaidi ndilo atakaloliweza kesho peke yake. Huyu wa mwisho hutuzuia tusiruke upande wa pili, tukadhani kwamba wema ni kukunja mikono na kutazama. Msaada unatakiwa; lakini uwe ni msaada unaoijua siku yake ya kuondoka, kama mti unaoegemezwa kwenye ukuta mpya na kuondolewa ukuta ukikauka.

Hata hivyo, msomaji anaweza kutupinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: "Sisi twafundishwa kwamba mtu ni watu. Tangu lini mtoto wa Kiafrika akasifiwa kwa kusema 'mwenyewe'? Huo si mwanzo wa ubinafsi?" Pingamizi hili lilitusumbua kwa siku nyingi, na jibu hatukulipata katika vitabu. Tulilipata katika neno la mama yetu, pale tulipolirudia polepole kama tunavyowarudisha wanafunzi katika sentensi: alikuwa ananiletea mimi.

Tazameni kitenzi hicho. Hakuwa analeta tu. Alikuwa anamletea mtu. Hiyo ni kauli ya kutendea, kauli ambayo ndani yake mtendaji anamwelekea mwenzake. Sisi tulidhani kwamba safari ya mtoto ni ya vituo viwili, kutoka kuvikwa hadi kuvaa, kutoka kulishwa hadi kula. Tukadhani kwamba asemapo "mwenyewe" anajitenga nasi. Kumbe kituo cha pili ni cha kupumzikia tu. Mtoto hujifunza kubeba bakuli ili aweze kumbebea mtu bakuli. Mtu asiyeweza kutenda hawezi kumtendea mwingine. Na aliye mikononi mwa watu siku zote, hata akipendwa namna gani, amenyimwa heshima ya kuwa na kitu cha kumpa yeyote. Mtoto yule katika hatua zake kumi na mbili alikuwa akiingia katika jamii ya wale wanaohudumiana, naye alikuwa amebakiza hatua mbili afike. Tulichomnyang'anya si uhuru wake. Tulimnyang'anya zawadi kabla haijafika kwa mwenyewe.

Tunadhani hili linapatana na fikra ya Mwalimu Julius Nyerere, alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Wengi hulikumbuka lile neno kujitegemea wakalifahamu kama kwamba ni kila mtu na lake. Lakini maandishi hayo yalitaka shule zilee moyo wa kuishi pamoja na kufanya kazi pamoja kwa faida ya wote. Kujitegemea na kutegemewa ni pande mbili za shilingi moja. Aliyezuiwa la kwanza atafikaje kwenye la pili?

Nasi walimu tunayo barazani kwetu mabakuli mengi ya namna hii. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, na tangu zamani hapajakosekana watu wazima wanaojifunza lugha hii sokoni, kambini na mpakani. Watu hao hutujia wakiwa wamebeba sentensi zao kwa mikono miwili, zikiwa zimeinama upande. Wengi wamekwisha kusikia ule mzaha wa zamani usemao kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Na wako waliopenda kunyamaza maisha yao yote kuliko kuchekwa mara moja. Mtu anapotuambia, "Mimi nakupenda hii kitabu," yafaa tusahihishe, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini kwanza tupokee. Alikuwa anatuletea sisi.

Turudi nyumbani. Jioni ya siku ile ya uji tulichuchumaa mbele ya mtoto tukamwambia, "Si wewe uliyemwaga uji. Baba ndiye aliyemwaga." Hatujui ni kiasi gani cha maneno hayo kilichoingia. Je, yawezekana kumwomba radhi mtu wa miaka miwili? Tunaamini kwamba yawezekana, tena kwamba ni wajibu, kwa kuwa kumbukumbu yake ingawa ni fupi, mkono wake ulikumbuka kwa zaidi ya wiki nzima. Mmoja wa wale wageni tulikutana naye baadaye sokoni, tukamweleza ukweli wa jambo lile. Alicheka sana, akidhani twamfanyia mzaha. Uongo juu ya mtoto huaminiwa upesi. Ukweli wake huonekana kuwa ni jambo la kuchekesha.

Aliyemrudisha mtoto kazini si sisi, ni mama yetu. Hakumwambia neno lolote la kumbembeleza. Aliketi tu barazani, akawa na haja. "Niletee fimbo yangu." Mtoto akatutazama sisi, mama akangoja. Alikuwa na uwezo wa kusimama na kuichukua mwenyewe, maana fimbo ilikuwa imeegemea ukutani si mbali naye, lakini alingoja kama asiye na miguu. Siku ya kwanza hakuletewa. Siku ya pili aliletewa ikiburutwa. Baada ya hapo akataka miwani, akataka kitambaa, akataka maji, na kila kilichofika alikipokea kwa mikono yote miwili na kushukuru kwa heshima ile ile anayompa mtu mzima. Kikombe cha maji kilifika nusu, naye akayanywa yaliyofika. Tuliona hapo jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri: kwamba hata kupokea ni kazi, nayo ina ustadi wake, na kwamba mtu mzima mwenye mikono inayotetemeka, ambaye siku za kulishwa na kuvikwa zaweza kumrudia, anaijua kazi hiyo kuliko sisi wenye nguvu.

Siku ya tisa tulitoka chumbani tukiwa tayari kwenda shuleni, tukawakuta wote wawili barazani. Mama ameketi. Mtoto amepiga magoti mbele yake, akisukuma kandambili katika miguu ya mzee kwa juhudi kubwa, ulimi ukiwa nje. Alipomaliza aliinuka, akatugeukia akasema, "Nimemvalisha Jaja."

Kandambili ya kulia ilikuwa katika mguu wa kushoto, na ya kushoto katika mguu wa kulia. Tuliinama kidogo, mkono ukataka kwenda, mama akatutazama. Kisha akaishika fimbo yake, akasimama, akavuka ua pole pole hadi kwenye mwembe, akarudi, na mtoto akitembea kando yake huku ameshika upindo wa gomesi. Alivivaa viatu vile hivyo hivyo mpaka jua lilipokuwa kali. Nasi tulichelewa shuleni siku ile kwa dakika kama kumi, tukaomba radhi kwa mwalimu mkuu, wala hatukusema kwamba kosa ni la mtoto.